Mgonjwa Haulizwi Uji: Historia ya Kupima Ubora wa Hospisi

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake twaijua: anayeumwa hangojewi aombe, hupikiwa, huletewa, hunyweshwa. Ni msemo wa huruma, na nyumba nyingi zimelea wagonjwa wao kwa kuufuata. Hata hivyo, ndani yake mna dhana ambayo historia ya hospisi imeshindana nayo kwa zaidi ya nusu karne, nayo ni kwamba aliyesimama kando ya kitanda analijua hitaji la aliyelala kuliko mwenyewe anavyolijua.

Katika makala haya nafuatilia swali moja tu: tutajuaje kwamba hospisi fulani inafanya kazi yake vizuri? Fundi viatu huhukumiwa na mvaaji, na wakili huhukumiwa na mteja aliyeshinda au kushindwa kesi. Hospisi humhudumia mtu ambaye, kazi ikiisha, hayupo tena kutoa ushahidi. Malalamiko yake huzikwa pamoja naye, na shukrani zake vilevile. Wanaobaki ni wafiwa waliochoka, wenye deni la fadhila kwa muuguzi aliyewatembelea, na wasiojua kama mambo yangeweza kuwa tofauti.

Swali hili si la darasani peke yake. Mwaka 2023 Kenya ilitunga sheria mpya ya bima ya afya ya jamii, na Tanzania ikatunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfuko wowote wa bima utakaolipia huduma za mwisho wa uhai utalazimika kuamua unalipia nini hasa, na kwa kipimo gani. Wapo waliotutangulia katika uamuzi huo, na si wote waliofika salama.

Tuanze London. Cicely Saunders alikuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na hatimaye akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957. Mwaka 1948 alikuwa amemhudumia David Tasma, Myahudi kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao, ambaye alimwachia pauni 500 ili awe dirisha katika nyumba ambayo Saunders alikuwa akiiota. Nyumba hiyo, St Christopher's Hospice, ilifunguliwa mwaka 1967. Kisa cha dirisha husimuliwa sana, nami sina ugomvi nacho, ila naona kimefunika jambo lenye uzito mkubwa zaidi. Kabla ya kuifungua nyumba hiyo, Saunders alifanya kazi kwa miaka kadhaa katika hospisi ya St Joseph's huko Hackney, na huko aliandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000, mmoja mmoja, akieleza walipewa dawa gani, kwa saa zipi, na maumivu yao yalikwendaje. Desturi ya hospitali nyingi wakati huo ilikuwa kumngoja mgonjwa alie ndipo adungwe sindano. Saunders alionyesha kwamba morfini ikitolewa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia bila kupoteza fahamu zake na bila kudai kipimo kinachopanda kila siku. Kwa hiyo hospisi ya kisasa ilizaliwa ikiwa na daftari mkononi. Haikuomba iaminiwe kwa sababu ni ya wema.

Tabia hiyo iliendelea. Robert Twycross alifanya utafiti ndani ya St Christopher's katika miaka ya 1970 akilinganisha morfini na diamofini, ambayo madaktari wengi wa Uingereza waliipendelea, na hakupata tofauti kubwa katika matumizi ya kawaida ya kunywa. Wakati huohuo mtaalamu wa magonjwa ya akili, Colin Murray Parkes, alibuni njia ya kumpata shahidi aliyekosekana: aliwafuata wajane na wagane baada ya msiba, akawauliza waliyoyaona. Alilinganisha waliofiwa katika hospisi na waliofiwa katika hospitali za jirani mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akarudia zoezi hilo baada ya miaka kumi. Matokeo ya mara ya pili yananivutia kuliko ya kwanza. Pengo katika kutuliza maumivu lilikuwa limepungua sana, kwa kuwa hospitali za kawaida zilikuwa zimeanza kujifunza. Mtu wa uhusiano mwema na wafadhili angeyaficha matokeo ya namna hiyo, maana yanaweza kusomwa kuwa hospisi imepoteza ubora wake wa pekee. Yalichapishwa. Tena, kwa maoni yangu, ndiyo sifa kubwa kuliko zote: taasisi ndogo iliibadilisha mitaa iliyoizunguka.

Marekani walikwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1983 bima ya serikali kwa wazee, Medicare, hulipia hospisi kwa siku, kwa mgonjwa ambaye madaktari wamethibitisha kwamba huenda hatazidi miezi sita. Malipo ya siku yana urahisi wake kwa mhasibu, ila yana mantiki yake pia: mgonjwa anayekaa muda mrefu na kuhitaji kidogo huleta faida, na anayefika akiwa na siku tatu za maumivu makali huleta gharama. Huduma iliyoanza na watu wa kujitolea na makanisa leo imetawaliwa kwa wingi na makampuni ya kutafuta faida. Mwaka 2022 mkaguzi wa serikali ya jimbo la California alitoa taarifa kali kuhusu kampuni za hospisi zilizokuwa zimechipuka katika eneo la Los Angeles kwa idadi isiyoelezeka kwa mahitaji ya wakazi, akionyesha dalili za udanganyifu. Vipimo vya ubora havikukosekana huko. Tangu mwaka 2015 ipo hata hojaji ya kitaifa kwa wafiwa, mjukuu wa mbali wa ile ya Parkes. Lakini malipo hayakufuata majibu ya wafiwa. Yalifuata siku.

Uingereza nayo, iliyokuwa mwalimu wa wote, iliteleza kwa namna yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Liverpool walitunga mwongozo wa kuhamishia ujuzi wa hospisi katika wodi za kawaida: hatua za kuchukua mgonjwa anapoingia saa zake za mwisho, kila moja na kisanduku chake cha kuwekea alama. Nia ilikuwa njema, na mahali ulipotumiwa na watu wenye ujuzi ulisaidia. Kisha ukasambazwa nchi nzima, na baadhi ya hospitali zikawa zinapewa malipo ya motisha kwa kufikia malengo ya kuutumia. Familia zikaanza kulalamika: jamaa zao waliwekwa katika mwongozo huo bila wao kuelezwa, wengine wakanyimwa maji ya kunywa kwa kisingizio kwamba ndivyo karatasi inavyosema. Tume iliyoongozwa na Julia Neuberger ilitoa taarifa yake Julai 2013, na mwongozo ukaondolewa. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wangefaa kuitafuta taarifa hiyo, kwa kuwa inaeleza kitu wanachokijua: namna chombo cha kumsaidia anayefikiri kinavyogeuka kuwa mbadala wa kufikiri, mara tu kisanduku kinapofungamanishwa na fedha.

Sasa turudi kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi hapo mwanzoni baada ya kutoka Singapore, alivuka kwenda Uganda mwaka 1993 na kuanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na fedha za kuendeshea kazi kwa miezi michache tu. Alikuja na fomula rahisi: unga wa morfini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Mgonjwa hunywa nyumbani, bila sindano, bila kitanda cha hospitali. Ikabaki kikwazo cha sheria, maana daktari ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuiandika dawa hiyo, na vijijini daktari hayupo. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwaruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini. Tanzania, kwa miaka mingi, mlango mkuu wa morfini ya kunywa ulikuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika jengo lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Aliye Kigoma na apime mwenyewe umbali.

Msomaji atauliza: je, dunia ilizipima vipi juhudi hizi? Mwaka 2010 kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist kilitoa orodha ya kwanza ya ubora wa vifo katika nchi 40. Uganda ilikuwa ya 39. Nchi iliyobadilisha sheria yake ili muuguzi wa kijijini aweze kutuliza maumivu ilikaribia mkia, kwa sababu kipimo kilijumuisha pia pato la taifa, umri wa kuishi, idadi ya vitanda na madaktari. Orodha ya mwaka 2015 iliundwa upya, ikapanuliwa hadi nchi 80, na Uganda ikawa ya 35. Ninapowaonyesha wanafunzi wangu namba hizi mbili, huwa nawaomba wasikimbilie kusema kwamba Uganda ilipiga hatua. Ilipiga, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya safari hiyo ilifanywa na rula.

Wafadhili nao walikuwa na rula yao. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, ulileta fedha nyingi na uliokoa maisha. Hilo halibishaniwi na mtu mwenye haki. Ila katika miaka yake ya mwanzo uliipa tiba shufaa maana pana kiasi kwamba vidonge vya kuzuia maambukizi, chandarua na maji salama viliingia humo. Yote ni mema. Tatizo ni kwamba mtu aliyehesabiwa kuwa amefikiwa na tiba shufaa angeweza kufa akipiga mayowe, na hesabu isibadilike. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2017 kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata tani 0.1. Namba hiyo moja inatuambia kuhusu ubora kuliko safu nyingi za waliofikiwa.

(Neno lenyewe, shufaa, lina historia ya kupendeza. Ni uombezi: yule anayesimama mbele ya mwenye nguvu kwa niaba ya asiye na nguvu. Aliyelichagua kwa tiba hii alikuwa na sikio zuri.)

Katikati ya yote hayo kuna kazi moja iliyofanyika Afrika ambayo naiona imepewa heshima pungufu. Mwaka 2010 Chama cha Tiba Shufaa Afrika, chenye makao yake Kampala, pamoja na watafiti wa King's College London, walichapisha kipimo kilichotungwa na kujaribiwa kwa mamia ya wagonjwa na walezi katika bara hili. Kina maswali kumi tu. Saba huulizwa mgonjwa, matatu mlezi. Swali la kwanza ni maumivu. Yanafuata dalili nyingine, hofu, kama umeweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama maisha yana maana, kama una amani, kama umepata ushauri wa kutosha wa kupanga ya mbele. Mlezi naye huulizwa kama amepewa taarifa, kama anajiamini kumhudumia mgonjwa wake, na kama ana wasiwasi juu yake. Asiyejua kusoma hajibu kwa kalamu: hukunja ngumi kwa sufuri, hunyoosha vidole hadi vitano.

Tazama alichofanyiwa mgonjwa hapo. Ameulizwa uji. Tena ameulizwa akiwa hai, habari za siku tatu zilizopita, ili kesho kipimo cha dawa kibadilishwe kwa faida yake yeye, si ya atakayefuata. Sidai kwamba kipimo hiki kinamaliza kazi. Ukiuliza habari ya kupanga ya mbele katika nyumba ambako ndugu wamekubaliana kumficha mgonjwa jina la ugonjwa wake, swali lenyewe huwa kishindo, na muuguzi atakayelisoma kama karani ataleta madhara. Na siku wilaya itakapoanza kuzigawia hospisi fedha kwa wastani wa vidole, tutawaona wauguzi wakiinyoosha mikono ya wagonjwa wao. Liverpool imekwisha kutufundisha hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa watakaoandika kanuni za bima ni mwembamba. Vipimo vya vidole vibaki mikononi mwa muuguzi na mgonjwa, visiwe njia ya kulipa. Malipo na ukaguzi vitazame mambo ambayo hayawezi kupambwa kirahisi: chupa ya morfini ilikuwapo rafuni kwa siku ngapi za mwaka, nani alipokea simu saa nane za usiku, mgonjwa wa mwisho wa barabara alitembelewa lini mara ya mwisho. Na wafiwa waulizwe, kama Parkes alivyowauliza, lakini kwa kalenda yetu na si ya London. Siku ya mazishi ni mapema mno, kila mtu hushukuru. Arobaini ikishapita, wageni wameondoka, na binti aliyekuwa akilala chini ya kitanda cha mama yake amepata usingizi wa kutosha kukumbuka, atumwe mtu asiyekuwa wa hospisi ile, aketi naye, amuulize usiku ule wa mwisho ulikuwaje.