Leseni Moja kwa Ukoo Mzima: Historia ya Redio za Familia Nchini Marekani

Nchini Marekani, leseni ya redio za mawasiliano ziitwazo GMRS hulipiwa dola 35 na hudumu miaka 10. Haina mtihani. Akishaipata mtu mmoja, jamaa zake nao wanaruhusiwa kuzungumza hewani: mke au mume, watoto, wajukuu, wazazi, mababu na mabibi, ndugu, wajomba, mashangazi, wapwa na wakwe. Ni nadra serikali kutoa haki ya kutumia masafa ya redio kwa namna hiyo, yaani kuukabidhi ukoo badala ya kampuni, jeshi au mtaalamu. Haki hiyo haikupatikana kwa siku moja. Ilizaliwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ikapotea njia mara kadhaa, na kila mara swali lilikuwa lile lile: mwananchi wa kawaida apewe sehemu gani ya anga, na kwa masharti gani?

Redio inayotoka vitani

Kabla ya vita hivyo, redio za kuzungumza pande mbili zilikuwa za meli, ndege, polisi na majeshi. Raia aliyetaka kurusha sauti yake hewani ilimbidi awe mwanaredio wa ridhaa, afanye mtihani wa ufundi na ajifunze alfabeti ya Morse. Vifaa vyenyewe vilikuwa vikubwa na vizito.

Hali ilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 1930. Donald Hings, mvumbuzi wa Kanada, alitengeneza redio ya kubebeka mwaka 1937. Mwaka uliofuata Al Gross, kijana aliyezaliwa Toronto na kukulia Cleveland, alitengeneza redio ya mkononi. Vita vilipofika, majeshi yalihitaji vifaa vya namna hiyo kwa wingi. Kampuni ya Galvin ya Chicago, ambayo baadaye ilichukua jina la Motorola, ilitoa SCR-536, redio ya kilo mbili na ushei iliyoshikwa kwa mkono mmoja. Ikafuata SCR-300, iliyobebwa mgongoni kama shanta na kufika umbali wa kilomita tano hivi. Maelfu ya askari waliorudi makwao walikuwa wameshaona kwa macho yao kwamba watu wawili walio mbalimbali wanaweza kusemezana bila waya na bila kupitia kwa mtu wa simu.

Mmoja wa walioona mapema maana ya jambo hili alikuwa E. K. Jett, kamishna wa FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano nchini humo tangu mwaka 1934. Mwezi Julai 1945, vita vikiwa bado havijaisha kabisa, aliandika katika jarida la Saturday Evening Post kuwaeleza wasomaji kuhusu redio ambayo kila raia angeweza kuitumia katika shughuli zake. Mwaka huo huo tume ilitenga masafa ya megahezi 460 hadi 470 kwa ajili ya huduma mpya iliyoitwa Redio ya Wananchi. Masharti yake yalilegezwa makusudi. Mwombaji hakutakiwa kujua Morse wala ufundi wa redio. Alitakiwa kuwa na leseni na kifaa kilichoidhinishwa, basi.

Masafa mazuri, vifaa ghali

Mwaka 1948 kampuni ya Al Gross ilikuwa ya kwanza kupata kibali cha FCC kwa kifaa cha huduma hiyo. Wanunuzi wake wengi walikuwa wakulima na walinzi wa pwani. Wakulima walikuwa na sababu ya wazi, kwa kuwa shamba la Marekani huweza kuenea kilomita nyingi, na mtu aliyekuwa kwenye trekta hakuwa na njia nyingine ya kuita nyumbani.

Hata hivyo, Redio ya Wananchi haikuenea kama ilivyotarajiwa, na kikwazo kilikuwa ufundi. Transista ndiyo kwanza ilikuwa imevumbuliwa, na redio bado zilitegemea valvu za kioo. Kwenye masafa ya juu kiasi cha megahezi 460, valvu za bei nafuu zilifanya kazi vibaya, na zile nzuri hazikuwa za bei ya mtu wa kawaida. Haki ilikuwepo kwenye karatasi, lakini chombo cha kuitumia hakikuwa mikononi mwa waliokusudiwa.

Mwaka 1958 tume ilijaribu njia nyingine. Iliwanyang'anya wanaredio wa ridhaa ukanda wao wa megahezi 27 na kuunda Daraja D la Redio ya Wananchi, lenye chaneli 23. Redio za masafa hayo zilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kununua. Hii ndiyo huduma ambayo dunia iliijua kwa herufi CB. Ile ya kwanza ya megahezi 460, iliyoitwa Daraja A, ilibaki na watumiaji wachache, na taratibu sehemu kubwa ya masafa yake ilihamishiwa kwa biashara. Mwishowe ilibakiwa na jozi nane tu za masafa, karibu na megahezi 462 na 467. Jozi hizo ndizo zilizokuja kuwa urithi wa familia.

Kelele za CB

Kwa miaka zaidi ya kumi CB ilitumika kwa kiasi. Mafundi waliitana, wenye maduka walielekeza magari yao, na wazazi waliwasiliana na nyumbani. Mwaka 1962 iliundwa REACT, jumuiya ya kujitolea iliyosikiliza hewani ili kuwasaidia wasafiri waliopata ajali au kuharibikiwa na magari. Baadaye chaneli ya 9 ilitengwa kwa ajili ya dharura.

Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 1973. Vikwazo vya mafuta kutoka nchi za Kiarabu vilileta uhaba wa petroli, na serikali ikaweka kikomo cha mwendo wa maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88, kwenye barabara kuu zote. Madereva wa malori, waliolipwa kwa umbali waliokwenda, waligundua kwamba CB inawaambia wapi pana mafuta na wapi polisi wamejificha. Nyimbo na sinema zikaitangaza lugha yao. Wimbo "Convoy" wa C. W. McCall ulivuma mwaka 1975, na filamu ya "Smokey and the Bandit" ikafuata mwaka 1977. Hata Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, alizungumza kwenye CB kwa jina la utani la "First Mama".

Mamilioni ya watu walinunua redio hizo, na wengi hawakujishughulisha na leseni. Chaneli ziliongezwa kutoka 23 hadi 40 mnamo Januari 1977, lakini nazo zilijaa. Tatizo la asili ya masafa yenyewe lilizidisha vurugu. Mawimbi ya megahezi 27 yanaweza kugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbali, hasa jua linapokuwa na shughuli nyingi. Mama aliyemwita mwanawe mtaa wa pili alijibiwa na makelele ya majimbo ya mbali. Ofisi za tume zilizidiwa na maombi, na mwaka 1983 FCC iliondoa kabisa sharti la leseni ya mtu binafsi kwa CB. Kuanzia hapo haikujulikana ni nani yuko hewani, na hakuna aliyewajibika kwa jina lake. Wakati huo huo shauku ya watu ilikuwa imeshapoa.

GMRS na FRS

Daraja A lilikwenda njia tofauti. Kufikia miaka ya 1970 transista zilikuwa zimeondoa tatizo la gharama, na zile jozi nane zikawa na thamani. Mawimbi ya megahezi 462 husafiri kwa mstari ulionyooka na hayarudishwi na anga, kwa hiyo mazungumzo ya mji mmoja hayavurugi ya mji mwingine ulio mbali. Antena yake ni fupi pia. Robo ya wimbi ni kama sentimita 16, wakati robo ya wimbi la CB inakaribia mita tatu.

Mstari ulionyooka una ubaya wake: kilima au jengo huukata. Dawa yake ni ripita, mtambo unaowekwa mlimani au juu ya jengo refu. Ripita hupokea sauti kwenye megahezi 467 na papo hapo kuirusha tena kwa nguvu kwenye megahezi 462. Hiyo ndiyo maana ya masafa hayo kuwa jozi. Redio ndogo ya mkononi isiyovuka kilomita tatu mtaani inaweza, kupitia ripita iliyokaa vizuri, kusikika umbali wa makumi ya kilomita. Watu binafsi na vikundi vya kujitolea vilijenga ripita kwa fedha zao, na masafa ya megahezi 462.675 yakawa yale ambayo msafiri aliitia msaada.

Mwaka 1987 huduma hii, iliyokuja kuitwa GMRS, ilipewa sura yake ya leo. Kabla ya hapo makampuni nayo yalipewa leseni. Baada ya tarehe 31 Julai 1987 leseni mpya zilitolewa kwa watu binafsi tu, na makampuni yaliyokwishasajiliwa yaliachwa yaendelee bila kujipanua. Huu ulikuwa uamuzi mkubwa. Baada ya sehemu kubwa ya Redio ya Wananchi kuchukuliwa na biashara, kipande kilichobaki kiliwekewa ua, na ndani yake ikawekwa familia.

Muongo mmoja baadaye likaja jaribio jingine. Kampuni ya maduka ya Radio Shack iliomba kuwe na redio ndogo isiyo na leseni kwa ajili ya watu wanaotembea pamoja, na mwaka 1996 FCC iliidhinisha FRS, yaani huduma ya redio ya familia. Ilikuwa na chaneli 14, nguvu ya nusu wati, na antena isiyong'oleka. Redio hizo ziliuzwa kwa jozi kwenye maduka makubwa, na zikawafaa wazazi walio na watoto kambini au kwenye viwanja vya michezo.

Watengenezaji kisha wakaunganisha FRS na GMRS ndani ya kifaa kimoja cha chaneli 22. Kwenye paketi waliandika umbali wa maili 35, yaani kilomita 56, jambo linalowezekana tu kati ya vilele viwili visivyo na kizuizi. Wanunuzi wengi hawakujua kwamba baadhi ya chaneli zilihitaji leseni. Kosa la miaka ya CB lilikuwa linarudiwa: sheria ilikuwepo, lakini kifaa chenyewe kilimfundisha mtu kuivunja.

Mwaka 2017 FCC ilirekebisha jambo hilo, na kanuni mpya zikaanza kutumika tarehe 28 Septemba. FRS iliruhusiwa kutumia chaneli zote 22, nyingi kwa wati mbili, bila leseni. GMRS ilibaki na leseni, ikiruhusiwa hadi wati 50 kwenye chaneli zake kuu, antena za nje na ripita. Kuuza kifaa kinachochanganya huduma hizo mbili kulipigwa marufuku. Muda wa leseni ulipandishwa kutoka miaka 5 hadi 10, na mwezi Aprili 2022 ada ikashushwa kutoka dola 70 hadi 35.

Kuanza leo

Mwombaji wa GMRS anatakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi na asiwe mwakilishi wa serikali ya nchi nyingine. Kwanza hujisajili kwa FCC na kupewa namba yake, kisha hujaza fomu na kulipa ada kwa njia ya mtandao. Hupokea utambulisho wa kituo, mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaotumiwa na ukoo wake wote. Utambulisho huo hutamkwa mwisho wa mazungumzo, na kila baada ya dakika 15 mazungumzo yakiendelea. Lazima utamkwe kwa Kiingereza au kwa Morse, ingawa mazungumzo yenyewe si lazima yawe ya Kiingereza. Familia ya Waswahili wanaoishi Marekani inaweza kusemezana kwa Kiswahili barabarani, mradi ijitambulishe ipasavyo.

Kwa safari ya magari mawili au zaidi, redio ya garini yenye antena juu ya paa hufaa kuliko ya mkononi, kwa kuwa bati la gari huzuia mawimbi na kimo cha antena kina uzito kuliko wingi wa wati. Familia huchagua chaneli moja ya kuzungumzia na nyingine ya akiba kabla ya kuondoka. Mwenye kutaka kupitia ripita huomba ruhusa ya mmiliki na kuweka toni inayoifungua. Kwenye mabonde yasiyo na mtandao wa simu, au moto wa msituni unapoangusha minara, redio hizo huendelea kufanya kazi, kwa sababu hazimtegemei mtu wa kati.

Katika yote haya leseni imekuwa na kazi zaidi ya kukusanya ada. CB ilipopoteza leseni ilipoteza pia uwajibikaji. FRS haina leseni, na ndiyo maana imefungiwa kwenye nguvu ndogo. GMRS imeruhusiwa nguvu kubwa kwa kuwa kila sauti ina jina nyuma yake.

Leseni hiyo haivuki mpaka. Kila nchi hugawa masafa yake kwa namna yake: Ulaya ina huduma isiyo na leseni ya megahezi 446, Australia ina yake ya megahezi 477, na nchini Kenya na Tanzania idhini ya redio za mawasiliano hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na TCRA ya Tanzania. Msafiri anayetoka Marekani na redio zake za GMRS hana budi kuuliza kwa mamlaka ya nchi anayokwenda kabla ya kuziwasha.