Kopa, Turufu na Mchoraji Aliyesahauliwa: Historia ya Karata za Taroti na Suala la Mwenye Maana

1.0 Utangulizi



Huenda baadhi yenu mmejiuliza taroti ina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Taroti ni jozi ya karata 78. Kati ya hizo, 22 ni karata kuu, kila moja ikiwa na sura yake: Mjinga, Mfalme, Kifo, Mnara, Jua na nyinginezo. Zilizobaki 56 zimegawanyika katika mafungu manne, yaani vikombe, sarafu, panga na fimbo. Wengi huzifahamu kama chombo cha uaguzi, na kwa hiyo huziweka kapu moja na bao la ramli. Mhadhara huu haukusudii kufundisha uaguzi wala kuuhukumu. Unakusudia kuchunguza swali ambalo kila mwanafunzi wa lugha na fasihi hukutana nalo mapema au baadaye: mtu anapoipokea kazi ya wahenga akaichora upya kwa mkono wake, maana yake inakuwa ya nani?

Swali hili lina uzito wake, kwani siku hizi wasanii wa nchi nyingi hujibunia jozi zao za taroti. Wako wanaowapinga kwa hoja kwamba wanaharibu elimu ya kale. Ili kuipima hoja hiyo, yafaa tuirudie historia, tukianzia na maneno tuliyo nayo vinywani mwetu wenyewe.

2.0 Ushahidi wa Maneno

Mcheza karata wa pwani yetu ana majina manne ya mafungu: kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya yametoka katika Kireno, na yalitufikia kutokana na ujio wa Wareno waliotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 na kukaa pwani hii kwa karne mbili. Kwa Kireno, maneno hayo yana maana ya vikombe, dhahabu, panga na magongo. Tazama sasa jambo la ajabu. Karata tunazochezea leo zina michoro ya Kifaransa, na fungu la kopa lina picha ya moyo. Mchezaji anatupa moyo mezani huku ulimi wake ukitaja kikombe. Vivyo hivyo, pau ni gongo kwa jina, lakini kwa sura ni jani lenye ncha tatu za mviringo.

Vikombe, dhahabu, panga na magongo ndiyo mafungu yaleyale manne ya taroti. Nayo hayakuanzia Ulaya. Katika jumba la makumbusho la Topkapı mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za Wamamluki wa Misri zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Miongoni mwa karata za vyeo katika jozi hiyo yumo mfalme na yumo naibu. Neno hilo la pili, ambalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa, ndilo lililovuka bahari: amri ya mji wa Florence ya mwaka 1377 iliyokataza mchezo wa karata iliutaja kwa jina linalotokana na naibu, na hadi leo Wahispania huziita karata naipes.

Wahenga wetu nao hawakupokea tu. Karata ya mfalme waliiita mzungu wa nne. Waliitazama sura iliyochorwa, mavazi yake na taji lake, wakaipa jina kwa mujibu wa ulimwengu walioujua wao. Huko nako ni kufasiri upya, tena kulikofanywa bila kumwomba mtu ruhusa.

3.0 Kutoka Mchezo hadi Siri

Karata kuu 22 ziliongezwa Italia ya Kaskazini katika nusu ya kwanza ya karne ya 15. Kumbukumbu ya mthibitishaji mmoja wa Florence inaonyesha kwamba mwaka 1440 alimpelekea Sigismondo Malatesta jozi ya aina hiyo. Jina lake wakati huo lilikuwa trionfi, yaani ushindi, kwa sababu karata hizo zilizishinda nyingine zote. Katika jamii ya neno hilo ndimo limo neno la Kireno trunfo, na kutokana nalo sisi tumepata turufu. Kwa hiyo, mwanasiasa anaposemwa kuwa ameitoa turufu yake ya mwisho, lugha yetu inahifadhi, pasipo wengi kujua, jina la kwanza la taroti.

Jozi mashuhuri ya Visconti-Sforza, iliyochorwa Milan yapata mwaka 1450, ilikuwa na picha za kupakwa dhahabu kwa ajili ya watawala. Ilikuwa mali ya nyumba moja na ilibeba alama za nyumba hiyo. Ni kusema kwamba jozi za kale kabisa tulizo nazo zenyewe zilikuwa jozi za binafsi.

Kwa zaidi ya miaka 300 taroti ilikuwa mchezo. Mabadiliko yalikuja Ufaransa mwaka 1781, pale Antoine Court de Gébelin alipodai kwamba karata hizo ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi. Maandishi ya Wamisri yalikuwa hayajaweza kusomwa. Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822. Hata hivyo dai lilienea, na mwaka 1789 Etteilla alichapisha jozi iliyotengenezwa mahsusi kwa uaguzi. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, alichapisha utafiti mpana uliothibitisha kwamba asili ya taroti ni mchezo.

Sisi tunaoshughulikia Kiswahili tunaijua vyema tabia hii ya kutafuta heshima ya kitu katika asili ya mbali. Lugha yetu nayo imewahi kudaiwa kuwa ni Kiarabu kilichoharibika, au mchanganyiko usio na mwenyewe, kwa sababu tu ya maneno iliyoyakopa. Kosa ni lilelile: kudhani kwamba thamani ya kitu imo katika chanzo chake, wala si katika kazi ambayo watumiaji wake wameifanya.

4.0 Pamela Colman Smith

Jozi iliyoenea kuliko zote duniani ilitolewa London mwezi Desemba 1909 na kampuni ya William Rider. Mwenye wazo alikuwa Arthur Edward Waite. Aliyechora ni Pamela Colman Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika katika utoto wake na kusomea sanaa Brooklyn. Mwaka 1899 alichapisha kitabu cha hadithi za Anansi alizozipata Jamaika, yule buibui mjanja aliyevuka Atlantiki pamoja na Waafrika waliofanywa watumwa, na ambaye kwetu nafasi yake imeshikwa na Sungura.

Yafaa tukumbuke kwamba mchoraji huyu alikuwa pia msimulizi. Kabla yake, karata ndogo katika jozi nyingi zilikuwa na hesabu tu: panga sita zilizopangwa kwa urembo. Isipokuwa ni jozi ya Sola Busca ya mwishoni mwa karne ya 15, iliyokuwa na picha kamili, na ambayo nakala zake za picha zilifika British Museum mwaka 1907. Smith alizipa karata hizo ndogo matukio. Sita za panga ikawa mvushaji anayewapitisha mama na mtoto majini, panga zikiwa zimesimama ndani ya chombo. Mtazamaji hapewi maana. Anapewa hadithi ambayo hana budi kuimalizia mwenyewe.

Waite naye alibadili alichokirithi. Aliipa karata ya Nguvu nafasi ya 8 na ya Haki nafasi ya 11, ili zifuate mpangilio wa buruji, Asadi ikitangulia Mizani. Mabadiliko hayo ya mwaka 1909 leo hutetewa na watu wengi kana kwamba ndiyo mapokeo yenyewe.

Smith alimwandikia rafiki yake Alfred Stieglitz mwaka huohuo kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kidogo sana. Alifariki Cornwall mwaka 1951 akiwa na madeni. Kwa miongo mingi jozi hiyo iliitwa Rider-Waite, kwa jina la mchapishaji na la mwagizaji, ingawa alama ya herufi za mchoraji imo katika picha. Ni katika miaka ya karibuni tu ndipo jina lake limeanza kurudishwa.

5.0 Mafunzo kwa Taaluma Yetu

Habari hii si ngeni kwetu. Mashairi ya Muyaka yaliwafikia wasomi kwa jina la W. E. Taylor na baadaye la William Hichens, aliyeyachapisha mwaka 1940. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wanaoweza kumtaja Mwalimu Sikujua bin Abdallah, Mswahili wa Mombasa aliyemsaidia Taylor kuyakusanya na kuyaeleza? Na wanakili wa tenzi, ambao kila mmoja aliacha athari ya lahaja yake katika hati, wangapi majina yao yamo katika vitabu vyetu?

Kutokana na historia hii tunapata mambo matatu. Kwanza, hakuna jozi moja iliyo asili safi ambayo nyingine zote ni upotofu wake. Kila kizazi kilipokea, kikapunguza na kuongeza. Pili, uhuru wa kufasiri haumwondolei mtu wajibu wa kujua. Wahenga waliosema mzungu wa nne walikuwa wameitazama picha kwa makini, ilhali Gébelin alitangaza usomaji wa kitu ambacho hakuweza kukisoma. Tatu, kila anayefasiri anadaiwa majina ya waliomtangulia.

6.0 Hitimisho

Iwapo mmoja wenu atapenda kuchora jozi yake, akaweka jahazi badala ya gari la farasi na mbuyu badala ya mnara, simwoni kuwa mharibifu. Nitamwuliza anachokibadilisha kilikuwa na maana gani, na amekipokea kutoka kwa nani. Maswali hayo mawili ndiyo tunayopaswa kumwuliza pia mhariri wa utenzi, mfasiri wa tamthilia na mtunzi wa kamusi. Nasi tuanze na deni lililo karibu: toleo lijalo la Muyaka litakalotoka mikononi mwetu libebe jina la Mwalimu Sikujua katika jalada lake.