Ukitaka kuonekana, unamwandikia mhariri gani?

Siku hizi mtu akikwambia "tafuta mtandaoni" ana maana ya kwamba nenda Google. Hata kitenzi tumeshakipata: kugugo. Si ajabu basi kwamba mwenye tovuti anayetaka kutokea juu anawaza Google peke yake. Lakini ndugu msomaji, historia ya injini nyingine za kutafuta, zile kuukuu na zile ndogo, ina somo kwetu sisi tunaoandika Kiswahili.

Tuanzie 1994. Mwaka huo Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Stanford, walianzisha orodha ya tovuti ambayo baadaye iliitwa Yahoo. Ilipangwa na watu, na majina yalifuatana kwa alfabeti. Unadhani wafanyabiashara walifanya nini? Wakazipa tovuti zao majina yanayoanza na A, na wajanja zaidi wakatanguliza namba. Ujanja ule ule wa kitabu cha simu!

Desemba 1995 ikaja AltaVista, ambayo ilisoma maneno ya kurasa zenyewe. Hiyo na mwenzake Infoseek zilitazama pia maneno muhimu ambayo mwenye tovuti aliyaandika mahali ambapo msomaji hayaoni. Watu wakajaza humo kila neno lenye wateja. Wengine walirudia neno moja mara mia kwa maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe. Google ilipoanzishwa 1998 ilipima zaidi viungo, yaani nani amekutaja na yeye katajwa na nani. Septemba 2009 ikatamka wazi kwamba maneno yale yaliyofichwa haiyatumii kabisa kupanga matokeo. AltaVista ilifungwa Julai 2013.

Wengi humalizia hadithi hapo, lakini kuna nchi ambazo Google haikukuta uwanja mtupu.

Urusi walikuwa na Yandex tangu Septemba 1997, kazi ya Arkady Volozh na Ilya Segalovich. Kirusi hubadilisha miisho ya maneno kila wakati, na Yandex ilijengwa tangu mwanzo ielewe kwamba sura zote hizo ni neno moja. Mwandishi hakuhitaji kupinda sentensi zake ili aonekane. Kisha Machi 2014, kwa kuchoshwa na biashara ya kuuziana viungo, Yandex iliacha kuvihesabu katika utafutaji wa kibiashara mjini Moscow. Waliokuwa wamenunua viungo kwa maelfu wakajikuta wameshika karatasi tupu. Mwaka uliofuata viungo vilirudi, safari hii pamoja na adhabu kwa walionunua.

Korea Kusini tatizo lilikuwa jingine. Naver ilipoanza 1999, kurasa za Kikorea zilikuwa chache. Mwaka 2002 ikafungua ukumbi wa watu kuulizana na kujibizana, na majibu yao yakaingia kwenye matokeo ya utafutaji. Tangu hapo aliyetaka kuonekana kwa Wakorea hakutegemea tovuti yake tu. Alifungua blogu humo humo ndani ya Naver. Kikorea kikapata maandishi tele, ingawa mwandishi akawa mpangaji katika nyumba ya mtu.

Sasa turudi kwetu. AltaVista ilimruhusu mtafutaji kuweka nyota mwishoni mwa neno ili apate sura zake nyingine. Mwingereza aliyeandika teach* alipata teacher, teaching na teaches. Sisi je? Andika fundish*, utapata fundisha na fundishwa. Anafundisha, walifundisha na mafundisho yote yanabaki nje, kwa sababu Kiswahili hubadilisha neno hata kichwani! Aliyetaka kuonekana ilimbidi aliandike neno katika kila sura, na makala ikasomeka kama zoezi la sarufi. Nyota ile ilimfaa mwenye lugha ya viambishi vya mwishoni, na sisi tulipaswa kujikunja.

Mimi ni mwandishi wa gazeti, najua maana ya kumwandikia mhariri. Ukimjua anachopenda, kalamu yako inaanza kuelekea huko kabla hujaamua. Injini ya kutafuta nayo ni mhariri. Zikiwa nyingi, makala iliyokataliwa na mmoja hupita kwa mwingine. Google ikishika takriban asilimia 90 ya utafutaji duniani, ladha ya mhariri mmoja inakuwa sheria ya uandishi.

Ndiyo maana sizidharau ndogo. Bing, iliyozinduliwa 2009, huilisha pia Yahoo na kwa kiasi kikubwa DuckDuckGo, kwa hiyo ukisajili tovuti yako Bing umebisha hodi milango mitatu. Oktoba 2021 Bing na Yandex zilianzisha IndexNow, utaratibu ambao tovuti yenyewe huziarifu injini kwamba ina ukurasa mpya, badala ya kusubiri zije kuukagua. Kwa blogu changa isiyotajwa na wakubwa, hiyo si haba.

Lakini kubisha hodi ni nusu ya kazi. Warusi walitengeneza injini inayoijua sarufi yao, na Wakorea walipokosa kurasa wakaziandika. Sisi tunao wahandisi wa kompyuta na tunao walimu wa isimu. Swali langu ni hili: wamewahi kukalishwa meza moja?