Demarere ya boti inakataa mara moja moja: chunguza njia ya umeme kabla ya kununua ingine

Asubuhi motere inawaka bila shida. Saa sita, pale abiria wamekwisha kupanda, kapiteni anageuza ufunguo na anasikia «tak» moja tu. Anajaribu tena, bado. Mara ya nne inawaka, watu wanacheka na safari inaanza. Wenye boti wengi wa ziwa Kivu na Tanganyika wanaijua hali hii. Ni mbaya kuliko demarere iliyokufa kabisa. Iliyokufa inawaacha bandarini. Hii inaweza kuwaacha katikati ya maji.

Na kule katikati nanga haisaidii kitu. Kivu ina kina cha karibu metre 480, Tanganyika inapita metre 1.400. Boti isiyo na motere inageuzwa na upepo, na mawimbi yanaipiga ubavuni. Kwa Tanganyika, kati ya mwezi wa 5 na wa 9, upepo wa kusini-mashariki hauna huruma.

Mara nyingi demarere inafunguliwa, inapelekwa garaji, na juu ya meza inazunguka vizuri kabisa. Inarudishwa kwenye boti, siku mbili, inakataa tena. Basi mwenye boti anatafuta pesa ya kununua ingine. Lakini mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya demarere. Uko kwenye njia ya umeme.

Umeme unapita wapi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kable nene: kutoka batri mpaka demarere, na kurudi kutoka motere mpaka batri. Hapo zinapita amperi 100 mpaka 300, hata zaidi kwa motere kubwa. Ya pili ni ya waya mwembamba: kutoka batri, unapita kwenye ufunguo, unashuka mpaka solenoidi, ile kopo ndogo iliyo mgongoni mwa demarere. Solenoidi njo inasukuma meno na kufungulia umeme mkubwa.

Motere ya mazutu inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Ikizunguka polepole, joto linapotea na haiwaki. Njo maana hata kutu kidogo kwenye kiungo kimoja inatosha kuharibu safari.

Sikiliza kwanza

– «Tak-tak-tak» ya haraka: batri imechoka, ama vichwa vyake vimelegea.
– «Tak» moja, kisha kimya: umeme mkubwa haupiti vizuri, ama solenoidi na demarere zina shida.
– Kimya kabisa: angalia njia ndogo, yaani ufunguo, fizibo na waya mwembamba.
– Demarere inazunguka peke yake, motere haitembei: meno hayashiki. Fungua, safisha bendiksi.
– Pigo moja zito na motere inagoma kama imefungwa: usilazimishe! Maji yanaweza kuwa yameingia ndani ya silinda. Mwite fundi.

Kisha washa taa ya boti na mtu ageuze ufunguo. Taa ikizimika, tazama batri na vichwa vyake. Taa ikibaki kali na demarere iko kimya, umeme hauifikii.

Pima wakati inakataa

Kipimo kidogo cha umeme kina faida kubwa hapa. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6. Ikiwa chini ya 12, ijazwe kwanza. Wakati demarere inavuta, isishuke chini ya 9,6. Kama boti yenu ina volti 24, zidisha kwa mbili.

Halafu weka ncha moja juu ya nguzo ya batri ya plus, si juu ya kichwa cha kable, na ingine kwenye bulo kubwa la demarere. Mtu ageuze ufunguo. Ukiona zaidi ya nusu volti, kable hiyo ama viungo vyake vinakula umeme. Fanya vile vile kati ya nguzo ya minus na chuma cha motere.

Hiyo njia ya kurudi, ile tunaita masi, inasahauliwa sana. Kwa gari, bodi ya chuma inaweza kusaidia kubeba umeme. Boti ya mbao haina bodi ya namna hiyo: umeme wote unarudi kwa kable moja tu. Bulo lake likiwa juu ya rangi ama kutu, demarere inateseka bure.

Huna kipimo? Tumia mkono. Baada ya kujaribu mara kadhaa, gusa viungo kimoja kimoja. Kile kilicho moto njo kibaya. Kifungue, sugua kwa msasa mpaka chuma kingae, kaza tena. Kwenye batri, ondoa minus kwanza na uirudishe ya mwisho.

Waya mwembamba wa boti ya zamani

Hapa ugonjwa unajificha zaidi. Kwa boti nyingi za zamani waya wa ufunguo ni mrefu, una viungo vingi, na unyevu umeingia. Umeme unafika kwenye solenoidi ukiwa umechoka. Leo inatosha, kesho haitoshi.

Chukua balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Moja iguse ncha ndogo ya solenoidi, ingine chuma cha motere. Mtu ageuze ufunguo. Balbu ikiwaka kwa unyonge, ama isiwake, shida ni ufunguo ama waya. Dawa ya kudumu: funga rele karibu na motere. Ufunguo utaamuru rele tu, na rele itapeleka umeme kwa waya mfupi.

Balbu ikiwaka kali, viungo vyote ni safi, na bado «tak» tu? Sasa njo fungua demarere. Tazama makaa, yale mafundi wanaita sharbo, kama yamekwisha.

Tahadhari

Usivute zaidi ya sekunde 15. Acha ipumzike dakika moja ama mbili. Kama bomba la moshi linapoozwa kwa maji ya ziwa, funga kizibo cha maji wakati wa kujaribu muda mrefu, na ukifungue mara tu motere ikiwaka. Kuunganisha demarere kwa bisbisi kunatoa cheche: karibu na batri inayochajiwa ama mapipa ya esanse, ni kuita moto. Na kabla ya lolote, hakikisha gia iko katikati.

Kwa wavuvi wanaozima motere usiku ili kuchunga mazutu: kama demarere imekataa hata mara moja wiki hii, usizime mbali na ufuko. Mazutu ya saa moja ina bei. Uhai wa watu walio ndani ya boti hauna.