Yaga Mukama, Vyuo vya Waliokosa Nafasi

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge, apitapo Kabezi na ziwa likiwa kuumeni kwake, huwakuta wanafunzi makundi kwa makundi barabarani, asidhani kwamba zamani watoto wengi wa Burundi, kwa ufukara wa wazee wao na uhaba wa skuli za serikali, hawakuwa na chuo ila Yaga Mukama, yaani "Nena, Bwana", ambako makatekista waliwafunza dini pamoja na kusoma na kuandika Kirundi. Rais Bagaza, katika khitilafu yake na Kanisa, alivifunga vyuo hivyo mwaka 1986, na kwa rai yangu fimbo iliyokusudiwa maaskofu ilimwangukia mtoto. Buyoya, alipotwaa madaraka kutoka kwa Bagaza Septemba 1987, aliruhusu vifunguliwe. Ama ada ya skuli za msingi, hiyo ilingoja hadi 2005 ndipo ikafutwa.