Nusu Usanisi: Dawa Iliyoanzia Kwenye Gome

Mwiritsa, mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana, huota katika msitu wa Kakamega, na gome lake ni dawa ya miaka mingi kwa waganga wa kienyeji. Ulaya nako dondoo la gome hilo huuzwa kwa wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Mojawapo ya viambato vyake ni asidi feruliki iliyoungana na alkoholi ndefu ikawa esta. Asidi hiyohiyo imo kwenye pumba za mahindi tunazowapa ng'ombe.

Feruliki ni asidi ya fenoli: molekuli yenye pete ya kaboni sita, ikibeba kundi la hidroksili na kundi la kaboksili. Makundi hayo huipa uwezo na pia huiponza. Mwilini, kaboksili hupata chaji, ikashindwa kupenya vizuri utando wa seli ambao ni wa mafuta. Hidroksili nayo hunaswa na ini, na dawa ikaishia kwenye mkojo kabla haijafanya kazi ya maana. Kwa hiyo mkemia hukiacha kiini kilichotolewa na mmea, akabadilisha makundi ya pembeni tu.

Kazi hiyo naiita nusu usanisi. Usanisi tunao tayari katika usanisinuru, na nusu hutangulia kama katika nusu fainali na nusu kipenyo. Neno bandia lisiguswe kabisa, maana kwa mgonjwa dawa bandia ni dawa ya kughushi.

Mfano mkubwa wa kubadilisha kundi la pembeni ni aspirini. Mwaka 1897, Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, aliunganisha kundi la asetili na hidroksili ya asidi salisiliki, asidi ya fenoli iliyokuwa ikiwachoma watu tumbo. Asetili ilileta jambo kubwa zaidi: aspirini huibandika kwenye kimeng'enya cha chembe zinazogandisha damu, kikazimika kwa maisha yote ya chembe hizo, siku 7 hadi 10. Asidi salisiliki peke yake haiwezi hilo. Ndiyo maana aspirini hupewa wagonjwa wa moyo.

Mwiritsa uliochunwa gome pande zote mara nyingi hufa, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kipo hapohapo Kakamega. Nawasihi wakemia wake wajaribu nusu usanisi kwa feruliki ya pumba za mahindi badala ya ile ya gome, na matokeo wawaandikie wakulima kwa Kiswahili.