Rapori ikifika mara mbili: amri moja ya hifadhidata inayoingiza na kusahihisha

Kila mwanzo wa mwezi, kwa zone ya afya ya Itebero kama vile kwa zones zingine za Kivu ya Kaskazini, karatasi zinaanza kutoka kwa vituo vya afya kwenda kwa biro kuu ya zone. Ni ile canevas ya SNIS ambayo kila infirmier titulaire anaijua: wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi wenye surua, akina mama wangapi walizalia kwa kituo, dawa gani imekwisha. Kwa biro kuu, hesabu hizo zinaingizwa kwa kompyuta ndani ya programu inayoitwa DHIS2. Kutoka hapo zinaonekana kwa provense na Kinshasa.

Shida ni kwamba rapori moja inaweza kufika mara mbili. Kituo kinatuma kwanza picha kwa WhatsApp juu barabara imeharibika, kisha karatasi yenyewe inafika na pikipiki siku kadhaa nyuma, ikiwa na hesabu moja iliyosahihishwa. Ao réseau inakatika katikati ya kutuma, mwenye kutuma hajui kama imepita, anabonyeza tena. Kama kompyuta inapokea kila kitu kama kipya, watoto 12 wa surua wanakuwa 24. Kama inakataa kila kitu ambacho iko nacho tayari, basi kosa la kwanza linabaki pale. Na hesabu hizo ndizo zinatazamwa wakati wa kupanga dozi za chanjo na katoni za dawa za malaria. Zone ambayo hesabu zake zimepunguka bila sababu inaweza kupata kidogo kuliko inavyohitaji.

Jibu la mafundi kwa shida hii ni amri moja inayofanya kazi mbili: kama mstari hauko, uingize, kama uko, usahihishe. Wanaiita «upsert», jina lililotengenezwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, lile la kusahihisha na lile la kuingiza.

Ili kuielewa, mtu afikirie hifadhidata (ile ambayo kwa biro wengi wanaita base de données) kama rejista kubwa yenye mistari na safu. Kwa rejista ya karatasi, mwandishi anaweza kuandika mstari mmoja mara mbili na hakuna wa kumzuia. Kwa hifadhidata, fundi anaweza kuweka sheria: mistari miwili isiwe na kituo kile kile, mwezi ule ule na ugonjwa ule ule. Sheria hiyo inaitwa ufunguo wa pekee. Bila ufunguo, kompyuta haina njia ya kujua kwamba rapori ya pili ni ile ya kwanza imerudi.

Zamani, na hata leo kwa programu nyingi zilizoandikwa haraka, kazi ilifanywa kwa hatua mbili. Programu inauliza kwanza: je, mstari huu uko? Ikijibiwa hapana, inaingiza. Ikijibiwa ndiyo, inasahihisha. Kwa mtu mmoja mbele ya kompyuta moja, hiyo inatosha. Lakini tuseme watu wawili wanafanya kazi saa moja, mmoja anaandika kutoka kwa karatasi, mwingine anapakia faili ya Excel ya mwezi ule ule. Wote wawili wanauliza kwa sekunde moja, wote wawili wanajibiwa hapana, wote wawili wanaingiza. Kama ufunguo haukuwekwa, mistari inakuwa miwili. Kama ufunguo uko, mmoja anapata ujumbe wa kosa na pengine faili yake nzima inarudishwa. Amri moja inaondoa ile nafasi kati ya kuuliza na kuandika, juu hifadhidata yenyewe ndiyo inaamua, kwa pumzi moja.

Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo DHIS2 inaitegemea, amri kama hiyo inaandikwa hivi. Hesabu na kodi ya kituo ni za mfano tu:

INSERT INTO rapori (kituo, mwezi, ugonjwa, hesabu)
VALUES ('CS-04', '2024-03', 'surua', 12)
ON CONFLICT (kituo, mwezi, ugonjwa)
DO UPDATE SET hesabu = EXCLUDED.hesabu;

Mistari miwili ya kwanza inasema: ingiza watoto 12 wa surua wa kituo hiki kwa mwezi wa tatu. Wa tatu unasema: mstari huu ukigongana na mwingine wenye kituo, mwezi na ugonjwa sawa. Wa mwisho unasema: usikatae, weka hesabu mpya pahali pa ile ya zamani. EXCLUDED ni jina la mstari ule uliokuja na kukuta nafasi imejaa. Kama fundi hakuweka ufunguo wa pekee kwa safu hizo tatu, PostgreSQL inakataa amri yote.

Njia hii iliingia PostgreSQL kwa toleo la 9.5, Januari 2016. Kabla ya hapo kulikuwa tayari amri nyingine, MERGE, iliyoingizwa kwa kanuni za lugha ya SQL mwaka wa 2003. Oracle walikuwa nayo, na PostgreSQL wenyewe waliiongeza kwa toleo la 15, Oktoba 2022. MySQL wako na yao, ON DUPLICATE KEY UPDATE. Wako pia na REPLACE, na hiyo inafaa kuogopwa kidogo: inafuta mstari wa zamani wote na kuweka mwingine. Kama mstari wa zamani ulikuwa na maelezo ambayo mpya hauna, maelezo hayo yamekwenda.

DHIS2 yenyewe ilizaliwa kutokana na kazi iliyoanzia Afrika ya Kusini miaka ya 1990, na inatengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norvège. Kenya iliiweka kwa inchi nzima mwaka wa 2011, Kongo ilifuata miaka kadhaa nyuma. Ndani yake, kila hesabu inatambulika kwa vitu kadhaa pamoja: ni hesabu ya nini, ya kipindi gani, ya kituo gani, na ya kundi gani, kwa mfano watoto chini ya miaka mitano. Wakati wa kupakia faili, njia ya kawaida ya programu ni kuingiza na kusahihisha pamoja. Ndiyo sababu kutuma tena rapori ya Machi hakuongezi wagonjwa wa Machi.

Lakini ile amri haina akili kuliko mtu aliyeiandika. Kosa la kwanza ni kujumlisha. Kuna mafundi wanaoandika «hesabu ya zamani ongeza hesabu mpya», wakidhani wanasaidia wale wanaotuma kidogo kidogo. Siku réseau inakatika na mtu anatuma tena, wagonjwa wanajumlishwa mara mbili. Kuweka hesabu mpya pahali pa ya zamani kunaweza kurudiwa hata mara kumi bila kuharibu kitu, kujumlisha hapana.

Kosa la pili ni rapori ya zamani kufika nyuma ya mpya. Karatasi iliyokwama njiani kati ya Hombo na Itebero inaingizwa Jumatatu, ikifuta marekebisho yaliyokuja kwa simu Ijumaa. Hapa inafaa kuongeza sharti: sahihisha tu kama tarehe ya karatasi mpya ni ya mbele kuliko ile iliyoko. Na ili sharti hilo lifanye kazi, lazima karatasi iwe na tarehe. Kuna wale wanaoacha nafasi hiyo wazi.

La tatu ndilo zito zaidi, na linaonekana hasa kwa liste za wakimbizi wa ndani, kama wale waliokimbia Masisi. Kituo cha afya kiko na kodi. Mtu je? Kongo haijafanya hesabu ya wanainchi wote tangu 1984, na kwa miaka mingi carte d'électeur ndiyo imetumika kama kitambulisho. Watoto hawana, na wengi waliikosa wakati wa kukimbia. Basi mwenye kuandika liste anachukua jina kama ufunguo. Lakini kwa site moja, akina Furaha na Bahati ni wangapi? Jina likiandikwa mara «Mwamini» na mara «Muamini», mtu mmoja anahesabiwa kama wawili. Furaha wawili wa jamaa tofauti wakiwa na ufunguo mmoja, wa pili anafuta wa kwanza, bila ujumbe wowote wa kosa. Hiyo ni mbaya kuliko kuandikwa mara mbili. Mstari uliorudiwa unaonekana mtu akitazama liste. Aliyefutwa anajua siku ya ugawaji, akiitwa kila mtu isipokuwa yeye. Numero ya simu haisaidii sana, juu simu moja inatumika na nyumba tatu. Mashirika mengine yanachukua alama za vidole kwa sababu hiyo.

DHIS2 inaweka historia: hesabu ikibadilishwa, ile ya zamani na jina la aliyebadilisha vinaweza kutafutwa. Faili ya Excel inayozunguka kwa simu za wakubwa wa site mara nyingi haina historia hiyo. Mstari ukifutwa pale, ushuhuda unaobaki ni jeton ambayo jamaa ilipewa siku ya kuandikwa. Kwa hiyo jeton iwe na numero yake, isiyorudiwa kwa mwingine, na numero ile iwe ndiyo ufunguo wa liste. Jina liandikwe pembeni.